Aliyevunjika hagaragari

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu ndugu yetu mmoja wa Unguja aliyeandika humu Ijumaa mbili zilizopita. Yeye anasema mchezaji kujiangusha si kosa, ni "akili ya mpira", na kwamba wanaolalamika ni wazee waliopitwa na wakati. Uzee nakubali. Nina miaka 63 na goti langu la kushoto hutabiri mvua kabla ya redio. Lakini hilo la akili ndilo lililoniondosha barazani nikatafute kalamu.

Mimi sikuwahi kuwa mchezaji wa kutajwa. Nilikuwa mbeba ndoo. Kuanzia 1997 hadi 2016 nilikuwa yule mtu anayekimbia kuingia uwanjani mchezaji akilala chini, ndoo mkononi, mkoba begani, tumbo mbele. Timu ilikuwa ya ligi daraja hapa kwetu Pemba. Jina lake naliacha, maana baadhi ya viongozi wake bado tunasali safu moja. Watu wakiniita "dokta". Kazi yangu khasa ilikuwa mhudumu wa wodi: kusukuma vitanda, kubeba wagonjwa, kushikilia miguu ya watu wanapofungwa plasta. Sindano sikuishika hata siku moja. Miguu iliyovunjika, hiyo nimeishika mingi.

Sisi Wapemba tunajua kuanguka. Msimu wa karafuu ukiingia, wodini tulikuwa tunajua wageni wanakuja. Mkarafuu ni mrefu, matawi yake ni mepesi kukatika, na karafuu nzuri daima iko kwenye tawi la mwisho, ndivyo Mungu alivyopenda. Nakumbuka bwana mmoja wa Mtambwe aliyeletwa juu ya kitanda cha kamba, vijana wanne wamekishika, paja limevunjika. Hakulia. Hakusema kitu. Macho yake tu yalikuwa yakitufuata mmoja mmoja, na mkono wake mmoja ameuinua kidogo, kiganja wazi, kama anayesimamisha gari: msiniguse. Mtu wa namna hiyo huogopa hata upepo. Ukimsogezea shuka anaona unamchinja. Hutulia kama gogo kwa sababu mwili wenyewe unamwambia ukijitikisa utaona cha moto. Nimewaona wengi, wa mikarafuu, wa minazi, wa pikipiki, na wote ni hivyo hivyo. Aliyevunjika hagaragari.

Sasa twende uwanjani. Winga anapitiwa na beki, kilichomgusa ni upepo wa bukta. Anaruka juu, anapiga ukelele, anashika kifundo cha mguu, anabingirika mara tatu, mara nne. Akijikuta amebingirika mpaka nje ya mstari, anabingirika kurudi ndani. Mhariri, hilo la kurudi ndani naomba wasomaji walitazame vizuri. Akilala nje, mpira unaendelea bila yake. Akilala ndani, mwamuzi atapiga filimbi. Kwa hiyo huyu ambaye mguu wake "umekatika" bado ana nafasi kichwani mwake ya kupima chokaa iko wapi.

Sisemi kila anayelia ni mwongo. Msuli ukikaza mtu hujipinda kweli, na maumivu ya kugongwa ugoko humtoa mtu machozi kisha yakapita baada ya dakika moja akawa anakimbia, na hiyo si hila. Ugoko hauna nyama. Muulize yeyote aliyewahi kujigonga kwenye ubao wa kitanda umeme ukiwa umekatika.

Ndugu yetu wa Unguja atauliza mimi nimezijuaje hila zote hizi. Nimezijua kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Kocha wetu alikuwa na kapelo ya bluu. Akiivua akajipangusa uso, maana yake mtu alale. Akiigeuza nyuma mbele, alale kipa. Kipa ndiye aliyekuwa mali yetu, kwa sababu kwa sheria mchezaji wa kawaida akishatibiwa uwanjani hutakiwa atoke kwanza ndipo aombe kurudi, lakini kipa hatoki, na mpira hauwezi kuanza bila yake. Basi kipa wetu alikuwa na maradhi ya kiuno ya ajabu. Yalikuwa yakimshika baada ya dakika ya 75 tu, na tukiwa tunaongoza tu. Tukiwa nyuma kwa bao moja alikuwa mzima kama papa, anakwenda mwenyewe kuokota mpira nyuma ya goli.

Kazi yangu ilikuwa kukawia, na kukawia nako kuna ufundi wake. Kwanza unaondoka benchi kwa mbio kubwa, watu waone una huruma. Ukifika nusu ya njia unaangusha kitu, mkasi au bandeji, unarudi kukiokota. Ukishafika unapiga magoti upande ambao mgongo wako utamziba refa. Soksi unaikunja taratibu, kamba za kiatu unazilegeza moja baada ya moja kama unafungua zawadi. Kisha sponji. Na chini ya sponji, Mhariri, kijana anacheka.

"Ami, polepole, zimebaki nane."

"Lia kidogo, refa anakuja."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya daktari na mgonjwa wake.

Jumapili moja ya 2008 tulicheza uwanja wa Gombani, kule Chake, na hiyo ndiyo siku inayonifanya niandike. Tulikuwa mbele 1-0 na wenzetu wametushika kooni, hatupumui. Tangu dakika ya 70 kapelo ilivuliwa mara tatu, na mara tatu nikakimbia. Mara ya nne kocha alimtazama beki wetu wa kushoto, kijana wa miaka 17 aliyekuwa bado skuli, ndiyo kwanza mechi yake ya tano au ya sita. Kijana yule hakuwahi kujiangusha. Alisimama akitazama benchi kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kocha akavua kapelo mara ya pili, safari hii kwa hasira. Kijana akaanguka palepale alipo, hapana mtu karibu yake hata hatua sita. Nilipomfikia ameshika miguu yote miwili.

"Shika mmoja tu," nikamwambia.

"Upi, ami?"

Nikamchagulia wa kulia. Nikalifunga goti lake zima bandeji kuanzia juu hadi chini, na niseme ukweli, ni bandeji nzuri kuliko zote nilizofunga katika maisha yangu, maana goti halikuvimba na mgonjwa hakujitikisa. Machela ikaletwa. Alipokuwa akitolewa, jukwaa lote lilimpigia makofi, na waliosimama ni hata mashabiki wa timu ya pili. Yeye akajifunika uso kwa mikono. Watu wakadhani ni maumivu.

Refa aliongeza dakika tatu. Sisi kwa Kiswahili chetu tunaziita dakika za majeruhi, na siku ile zilikuwa tatu bila ya majeruhi hata mmoja. Tukashinda. Ndani ya gari, njia nzima kutoka Chake hadi Wete, vijana walikuwa wakiimba kwamba mchezaji bora wa mechi ni dokta.

Siku ya tatu yake nimekaa barazani na kikombe changu cha kahawa, akaja mzee mmoja ninayemjua kwa sura tu, anatoka upande wa mashamba. Alikuwepo Gombani. Mkononi ana chupa ya soda iliyozibwa kwa kitambaa, ndani mna mafuta ya nazi aliyoyachemsha kwa karafuu na tangawizi. Mke wake ndiye aliyeyachemsha, usiku ule ule. Akaniambia, "Dokta, mpe yule mtoto asugue wakati wa kulala, asipigwe na baridi. Tumemuombea." Na kijana huyo si wa timu yake. Mzee alikuwa shabiki wa wale tuliowafunga.

Nilisema nini? Nilisema ahsante, nikaipokea chupa, nikaenda nayo nyumbani nikaiweka juu ya kabati nyuma ya begi la safari. Nilipomhadithia kijana alicheka, halafu akanyamaza, halafu akacheka tena lakini si kama mwanzo. Msimu uliofuata hakuhitaji kuvuliwa kapelo. Alikuwa anaanguka mwenyewe, vizuri kuliko kipa.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba hii ni akili ya mpira, najiuliza ni akili ya nani. Si ya kijana. Yeye hakujua hata ashike mguu upi.

Ndugu yetu anasema wakubwa wa Ulaya na Amerika ya Kusini nao hujiangusha. Kweli. Hakusema tu kinachowapata baadaye. Mpwa wangu, ambaye simu yake ni nzuri kuliko yangu, ndiye aliyenisomea kisa cha kipa wa Chile, Roberto Rojas. Tarehe 3 Septemba 1989, uwanja wa Maracanã, Brazil na Chile wanagombea nafasi ya Kombe la Dunia la 1990. Brazil inaongoza 1-0. Fataki inarushwa kutoka jukwaani, inatua karibu na kipa, moshi unatanda, na moshi ulipopungua Rojas yuko chini, uso wake damu tupu. Wenzake wakambeba wakatoka naye, mechi ikaishia hapo. Baadaye zikatoka picha zinazoonesha kwamba fataki haikumgusa. Alikuwa na wembe ndani ya glovu, akajichanja mwenyewe. Brazil ikapewa ushindi wa 2-0, Chile ikafungiwa hata kuwania Kombe la 1994, na Rojas akafungiwa maisha, asisamehewe hadi 2001. Mpwa wangu alikuwa akisoma mbio mbio, nikamwambia rudia hapo nyuma kidogo. Hapo palipoandikwa kwamba hakufungiwa kipa peke yake. Kocha naye alifungiwa. Na daktari wa timu.

"Mjomba, vipi?" akaniuliza.

Nikamwambia aendelee.

Akanipatia nyengine, ya raga, ule mpira wa yai wanaocheza kwa mikono. Tarehe 12 Aprili 2009, London, klabu ya Harlequins inacheza na Leinster ya Ireland, robo fainali ya kombe la Ulaya. Harlequins wako nyuma 6-5 na mpigaji wao hodari wa mikwaju ameshatolewa. Sheria yao inasema mchezaji akitoka damu anaweza kubadilishwa kwa muda, na hata aliyekwishatoka huweza kurudi kwa njia hiyo. Basi winga wao, Tom Williams, akatafuna kidonge cha damu ya bandia kilichonunuliwa duka la vichekesho, akatoka nje huku damu inamchuruzika, na njiani akamkonyezea mwenzake jicho. Kamera ikaliona. Kule ndani chumbani, ili uongo upate ushahidi, daktari aliombwa amchane mdomo kweli, na akamchana. Na mechi wakafungwa vile vile, 6-5. Mkurugenzi wa ufundi, Dean Richards, alifungiwa miaka mitatu, klabu ikatozwa faini iliyofika Euro 300,000, na mtu wa viungo, yaani mbeba ndoo mwenzangu, alifungiwa miaka miwili.

Nimevieleza visa hivi viwili kwa urefu kwa sababu moja. Kote kuwili walipofuata damu ilikotoka, walifika benchi. Sisi hapa huishia kumzomea kijana aliyelala chini, tukampa kadi ya njano tukaona tumemaliza, na mwenye kapelo anajipangusa uso.

Hizo adhabu za mchezaji mmoja mmoja zipo nyingi duniani na sizidharau. Rivaldo wa Brazil, Kombe la Dunia la 2002, alipigwa na mpira mguuni na Mturuki aliyekuwa akimrudishia apige kona, akajishika uso. Mturuki akatolewa kwa kadi nyekundu, na Rivaldo baadaye akatozwa faini na FIFA. Uingereza tangu msimu wa 2017/18 mchezaji akimdanganya mwamuzi hadi ikatoka penati au kadi nyekundu isiyo haki, huangaliwa tena kwenye picha na kufungiwa mechi mbili, na wa kwanza wa Ligi Kuu kuonja alikuwa Oumar Niasse wa Everton. Ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, walianza 2012 kwa onyo na faini, wakaona watu wenye mamilioni wanalipa na kuendelea kuanguka, na tangu msimu wa 2023/24 anayejiangusha anawazawadia wapinzani mtupo mmoja wa bure hapo hapo. Hiyo ya pili naipenda zaidi kuliko faini. Inaumiza timu, na inaumiza wakati ule ule.

Nirudi kwa vijana, maana nao wana hoja ambayo sisi wazee hatupendi kuisikia. Wananiambia: ami, ukisimama kwa miguu yako refa hapigi filimbi. Beki anakuvuta fulana ndani ya kumi na nane, unajikaza, unapiga shuti la kiwete, mpira unakwenda nje, na kocha anakutukana kwa nini hukuanguka. Ni kweli kabisa. Sheria haisemi popote kwamba faulo mpaka mtu aanguke, ila waamuzi wetu wengi wamejizoesha kusubiri vumbi. Refa akitaka vijana wasimame, awalipe kwa kusimama.

Na mkweli mara nyengine hata hasikilizwi. Machi 1997, mwaka ule nilioshika ndoo, Robbie Fowler wa Liverpool alianguka mbele ya kipa wa Arsenal, refa akatoa penati, na Fowler mwenyewe akawa anapunga mikono kumwambia hakuniguza. Refa akashikilia. Fowler akapiga, kipa akaipangua, mwenziwe Fowler akaumalizia mpira wavuni. Ukweli ulisemwa na bao likahesabiwa! Sijui mtu afunze nini hapo, ila nimelitaja kwa kuwa ndugu yetu alisema hakuna mchezaji hata mmoja duniani atakayekataa penati.

Wengine wanasema dawa ni VAR, yaani refa wa kamera anayerudia picha. Hiyo mashine tumeiona Amaan, Mei 2025, fainali ya Simba na Berkane ya Morocco, na bao la Simba lililokataliwa linazungumzwa barazani mpaka leo. Lakini kwetu huku nyavu za goli tunaziziba kwa mishipi ya kuvulia, na mpira wa akiba mara nyengine ni ule wa skuli ya jirani. Nani ataleta kamera? Halafu VAR iliwekwa kwa mabao, penati, kadi nyekundu na mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Kipa mwenye kiuno cha dakika ya 75 haimhusu kabisa.

Ninachokiomba mimi hakihitaji umeme. Nakiomba kwa ZFF, shirikisho letu la mpira la Zanzibar, na zaidi kwa wale wanaoandaa mashindano ya shehia, ya Ramadhani na ya skuli, maana huko ndiko vijana wanakojifunzia kuanguka.

Sheria za mpira zinaruhusu mashindano ya ngazi ya chini, ya vijana na ya maveterani, kumtoa mchezaji kwa muda anapopata kadi ya njano. Mechi ya dakika 90 hutoka dakika kumi hivi kisha akarudi. Uingereza wanaitumia kwenye ligi za mitaani tangu 2019 kwa wanaomtolea refa maneno. Sisi tuitumie kwa anayejiangusha. Kadi ya njano peke yake haimuumizi mtu wa dakika ya 85. Kucheza kumi dhidi ya kumi na moja kutamuumiza, na kutamuumiza kocha zaidi.

Pili, anayeitiwa ndoo akae nje. Ligi Kuu ya Marekani wanayo tangu 2024: mchezaji akilala zaidi ya sekunde 15 na watu wa tiba wakaingia, akitoka harudi mpaka zipite dakika mbili. Aliyeumizwa kwa rafu ya kadi huachiwa. Kinachotakiwa hapo ni saa ya mkononi na mwamuzi wa akiba asiyeogopa kelele. Wallahi ningelikuwa bado nina ndoo, kanuni hiyo ingeliniachisha kazi wiki ya kwanza.

Tatu ndilo ninalolitaka zaidi. Tangu 2019 refa anaruhusiwa kumuonesha kadi kocha na mtu yeyote wa benchi, na kosa likitoka benchi mwenye kosa asijulikane, kadi humwangukia kocha mkuu. Basi wachezaji wa timu moja wakianza kulala kwa zamu timu ikiwa mbele, wa tatu akilala refa aende benchi. Kadi imfuate mwenye kapelo. Na mbeba ndoo anayeangusha mkasi njiani naye apewe yake, mimi ningelistahili nyingi.

Katika hayo yote kichwa, kifua na mtu aliyeanguka bila ya kuguswa akalala kimya viachwe mbali. Hapo refa asifikirie hila hata kidogo, apige filimbi na ndoo ikimbie bila ya kuangusha kitu. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka katikati ya uwanja kule Lyon, tarehe 26 Juni 2003, hapana aliyekuwa karibu yake, na akafa. Christian Eriksen wa Denmark alianguka vivyo hivyo Copenhagen, tarehe 12 Juni 2021. Yeye moyo wake ulirudishwa pale pale uwanjani, kwa kuwa watu walimfikia mara moja. Nimezitazama picha zote mbili kwenye simu ya mpwa wangu. Hakuna kati yao aliyeshika mguu, hakuna aliyebingirika. Nilichokiogopa kwa miaka yote 19, na sikuwahi kumwambia mtu, ni siku moja kuanza na ile mbio yangu ya uongo, kurudi kuokota mkasi, na nikifika nimkute mtu amelala kimya.

Alhamdulillahi haikutokea. Lakini haikutokea kwa bahati, si kwa uangalifu wangu.

Kuhusu "akili" nina neno moja dogo kwa ndugu yetu. Aje Pemba wakati wa mchezo wa ng'ombe, ule ambao wazee wanasema tuliachiwa na Wareno. Ateremke uwanjani na kitambaa chake mbele ya dume, kisha akiteleza ajaribu kubingirika huku ameshika kifundo cha mguu akisubiri sponji. Sisi tutakuwa juu ya miti tunamuangalia.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililoninyima usingizi tangu niisome barua ile. Mzee wa mafuta bado yu hai. Macho yamempungua, lakini gazeti hili hununuliwa kila wiki na mjukuu wake humsomea ukumbini baada ya alasiri. Mara nyingi tumekutana tangu 2008, na mara nyengine huniuliza kama goti la yule mtoto lilipona sawasawa. Mimi humjibu kwamba lilipona.

Basi mjukuu, ukifika hapa msomee babu yako polepole. Goti halikuwa na kitu. Mafuta hayakusuguliwa. Chupa ninayo, kizibo ni kile kile cha kitambaa cha kanga, na Ijumaa hii baada ya sala nitaileta mwenyewe.

Mbeba ndoo mstaafu,
Wete, Pemba.